Ngara na Biharamulo katika vitabu vya haki na dhuluma

Wilaya za Ngara na Biharamulo, kusini mwa Mkoa wa Kagera nchini Tanzania, zimetajwa mara nyingi katika vitabu vinavyochunguza haki na dhuluma, hasa tangu mwaka 1994. Ngara inapakana na Rwanda na Burundi. Biharamulo iko mashariki yake, kwenye njia ya kwenda Ziwa Victoria. Makala hii inahusu vitabu vya aina mbili: vile vinavyosimulia mambo yaliyotokea katika wilaya hizi, na vile vinavyosomwa hapa shuleni na majumbani ingawa visa vyake vimewekwa kwingine. Vitabu vya aina ya kwanza vinavyotajwa hapa viliandikwa kwa Kiingereza, na vya aina ya pili vinasomwa kwa Kiswahili. Pengo hilo ni kubwa na la kusikitisha. Mkulima wa Kasulo, Ngara, aliyeona vilima vya kwao vikigeuka kambi za wakimbizi hasomi yaliyoandikwa juu ya vilima hivyo, na mwanawe hujifunza habari za dhuluma kwa visa vya nchi nyingine.

Wasafiri na watawala

John Hanning Speke alipita Usui, yaani nchi ya Washubi katika eneo hili, mwaka 1861 akielekea Karagwe na Buganda. Kitabu chake cha safari, kilichotoka mwaka 1863, kinalalamika kwa kurasa nyingi juu ya mtawala Suwarora na maofisa wake waliodai hongo. Zamani hizo hongo haikuwa rushwa. Ulikuwa ushuru wa njia, haki ya mwenye nchi kwa mgeni anayepita na msafara, mizigo na bunduki. Speke anamwonyesha Suwarora kama mnyang'anyi. Msomaji wa leo anaona upande wa pili bila kuambiwa: mtawala aliyelinda mipaka yake na kutaka mgeni alipe kama walivyolipa wafanyabiashara wengine.

Wakati wa Waingereza, Hans Cory na M. M. Hartnoll walichapa mwaka 1945 kitabu cha sheria za mila za Wahaya. Kinahusu Buhaya, si Bushubi wala Bugufi za Ngara, lakini uzito wake ulisikika mkoa mzima kwa sababu mila iliyoandikwa ilianza kutumika mahakamani kama sheria. Kanuni iliyomnyima mwanamke uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi iliishi hivyo kwa miongo kadhaa. Mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, katika shauri la mwanamke wa Kihaya aliyeuza shamba alilorithi kwa baba yake, aliamua kwamba kanuni hiyo ni ya kibaguzi na haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Hukumu hiyo ya kijasiri imenukuliwa tangu wakati huo katika vitabu vingi vya haki za wanawake barani Afrika.

Askofu na kijiji

Christopher Mwoleka, Askofu wa Jimbo Katoliki la Rulenge kuanzia 1969 hadi 1996, aliamini kwamba Azimio la Arusha na Injili vinadai kitu kimoja: watu wagawane walichonacho. Alikwenda kuishi na kulima pamoja na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga. Maandishi yake kuhusu ujamaa na jumuiya za Kikristo yalichapwa mwaka 1976. Padri Joseph Healey wa Shirika la Maryknoll, aliyeishi naye huko, aliandika kitabu juu ya maisha hayo mwaka 1981. Ni vitabu vya matumaini, na vinastahili kusomwa sambamba na riwaya za Kezilahabi zinazotajwa hapa chini, ambazo zinaitazama sera hiyo hiyo ya ujamaa kwa jicho la aliyehamishwa kwa nguvu.

Benaco, Lukole na vitabu vya kambi

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya takriban saa 24, Wanyarwanda wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara. Walikusanywa Benaco, mahali palipopewa jina la kampuni ya Kitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kambi yake pale. Katika siku chache Benaco ikawa miongoni mwa kambi kubwa kabisa za wakimbizi duniani. Ndani yake walikuwamo watoto, wagonjwa na wazee wasio na hatia yoyote, na kati yao walikuwamo pia watu walioongoza mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Vitabu vya Ngara vinarudi daima kwenye mchanganyiko huo.

Kinachosomwa zaidi ni cha Fergal Keane, mwandishi wa habari wa BBC, kiitwacho Season of Blood. Kilitoka mwaka 1995 na kupata Tuzo ya Orwell. Keane alifika Nyarubuye, parokia iliyo ng'ambo ya Mto Kagera, na kukuta miili ya waliouawa kanisani na katika majengo yake katikati ya Aprili 1994. Manusura walimtajia Sylvestre Gacumbitsi, bumesta (mkuu) wa wilaya ya Rusumo. Mwandishi akavuka mto, akamkuta Gacumbitsi Benaco miongoni mwa wakimbizi, bado akiheshimiwa kama kiongozi, akamuuliza ana kwa ana. Gacumbitsi alikana.

Simulizi hilo halikuishia kwenye karatasi. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilianzisha Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda kwa azimio la Novemba 1994, na makao yake yakawekwa Arusha. Gacumbitsi alikamatwa Juni 2001 katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma. Keane alikuwa miongoni mwa mashahidi wa upande wa mashtaka. Mwaka 2004 mahakama ilimtia hatiani na kumpa kifungo cha miaka 30, na mwaka 2006 mahakama ya rufaa ikaongeza adhabu kuwa kifungo cha maisha. Ni vitabu vichache vilivyowahi kufuatwa na haki kwa njia iliyonyooka hivyo, kutoka kwenye hema la Ngara hadi kizimbani.

Mwingine aliyekuwa Benaco ni Jean-Baptiste Gatete, bumesta wa zamani wa Murambi. Juni 1994 mashirika ya misaada yalipotaka aondolewe kambini, umati wa wafuasi wake uliwazingira wafanyakazi na huduma zikasimama. Gatete alihukumiwa Arusha miaka mingi baadaye. Kisa cha aina hiyo ndicho kiini cha kitabu cha Fiona Terry, Condemned to Repeat?, cha mwaka 2002. Terry alifanya kazi na tawi la Kifaransa la Madaktari Wasio na Mipaka, lililojitoa katika kambi za Wanyarwanda mwishoni mwa 1994 kwa hoja kwamba chakula cha msaada kilikuwa kinawanenepesha wauaji. Mashirika mengine yalibaki kwa hoja kwamba mtoto mwenye njaa hana kesi ya kujibu. Terry anazipima hoja zote mbili bila pupa. Kitabu chake ni kizito, na ni cha haki kuliko vingi vilivyoandikwa na wageni.

Kambi ya Lukole, nayo ya Ngara, ilikuwa ya Warundi. Mwanaanthropolojia wa Denmaki Simon Turner aliishi na kufanya utafiti pale mwishoni mwa miaka ya 1990, na kitabu chake Politics of Innocence kikatoka mwaka 2010. Anaonyesha jinsi mashirika yalivyomtaka mkimbizi awe mhitaji mnyonge asiye na siasa, ilhali kambini vyama vilishindana usiku na mchana. Anaonyesha pia jinsi wanaume walivyoona wamenyang'anywa nafasi ya baba wa nyumba, kwa kuwa mahindi, maharage na turubai vilitoka kwa shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, na si kwa mikono yao. Hiyo ni dhuluma isiyoonekana kwenye takwimu, na Turner aliiona kwa kukaa chini na kusikiliza.

Desemba 1996 serikali ya Tanzania, kwa tamko la pamoja na UNHCR, iliwataka Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya tarehe 31 mwezi huo. Wengi walikimbilia ndani zaidi ya nchi, wakarudishwa na askari hadi mpakani. Jambo hili linabishaniwa hadi leo na wataalamu wa sheria ya wakimbizi. Wenyeji wa Ngara, ambao misitu yao ilikuwa imeishia kuwa kuni, waliliona kwa jicho tofauti, na maoni yao hayajapewa nafasi inayostahili katika vitabu hivi.

Riwaya na tamthiliya za Kiswahili

Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka mwaka 1951, ndiyo nguzo ya somo hili katika Kiswahili. Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka kuwafundisha watu uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta mambo ya kuiendeleza nchi, na kila mmoja aliporudi alitupwa gerezani badala ya kushukuriwa. Kitabu kiliandikwa chini ya ukoloni na mtumishi wa serikali ya kikoloni, kwa hiyo mwandishi aliitundika nchi yake angani ili asiguswe. Hakuna kitabu kingine cha Kiswahili kinachosema wazi hivyo kwamba kujua sheria ni haki ya raia.

Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, ndiye jirani wa karibu zaidi wa wilaya hizi kati ya waandishi wakubwa. Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979) zinahusu ujamaa ulipofika vijijini. Katika Gamba la Nyoka wanakijiji wanapinga kuhamishwa na kuadhibiwa kwa hilo, wakati wasomi wanaowahubiria usawa wanajitafutia nafasi. Mzee yeyote wa Biharamulo anayekumbuka Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ataitambua hali hiyo bila kuelezwa.

Kwenye Ukingo wa Thim ya Ebrahim Hussein (1988) ilichochewa na kesi ya mazishi ya wakili S. M. Otieno nchini Kenya, ambako mjane na ukoo wa marehemu waligombea mwili mahakamani mwaka 1987. Mtu aliyesoma hukumu ya Mwalusanya ataona maswali ni yale yale: mwanamke, ukoo, na mila inayopewa nguvu ya sheria.

Takadini ya Ben Hanson ni tafsiri, na kisa chake ni cha Zimbabwe. Sekai anajifungua mtoto mwenye ualbino, na kwa kuwa mila inadai auawe, anatoroka naye usiku hadi kijiji cha mbali. Kwa miaka mingi riwaya hii imekuwa kwenye orodha ya vitabu vya fasihi kwa kidato cha tatu na cha nne. Katika shule za Kanda ya Ziwa si kisa cha mbali. Mashambulizi dhidi ya watu wenye ualbino yalishika kasi kuanzia mwaka 2006 hivi, na mwaka 2024 mtoto mdogo aliuawa wilayani Muleba, Kagera hii hii. Mwalimu anayeifundisha Takadini Ngara au Biharamulo anafundisha ulinzi wa uhai, na wanafunzi wanalijua hilo.

Madini

Mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, Biharamulo, ulianza kuzalisha mwaka 2005 chini ya kampuni ya kigeni, kisha ukachukuliwa na shirika la madini la serikali, STAMICO. Mark Curtis na Tundu Lissu walichunguza mgawanyo wa faida ya dhahabu ya Tanzania katika chapisho la mwaka 2008. Riwaya ya Chachage S. Chachage, Makuadi wa Soko Huria (2002), inahusu mradi wa ufugaji wa kamba katika delta ya Rufiji, lakini inaeleza uchumi wa aina hiyo kwa Kiswahili kikali.

Simulizi za wenyeji

Kihangaza na Kishubi, lugha za wenyeji wa hapa, zina methali na ngano nyingi za hukumu za wazee.

Hali ya sasa

Redio Kwizera, iliyoanzishwa Ngara mwaka 1995 na shirika la Wajesuiti la kuhudumia wakimbizi, ilizaliwa na msiba ule ule uliozaa vitabu vya kambi. Benaco sasa ni mji mdogo wa biashara, kituo cha malori yanayokwenda Rusumo.