Matone ya Jasho Usoni mwa Mwanaanga

Chombo kinatua kwenye sayari ya roboti. Anashuka mwanaanga mmoja, kofia yake ikimficha uso mzima. Ametumwa kutoka duniani kukagua kama wenyeji wamefikia hadhi ya kuingizwa katika jamhuri kuu ya sayari. Roboti wa rangi ya chungwa wanampokea kwa heshima na kumtembeza mjini. Kisha mgeni anauliza wale wa buluu wanaishi wapi. Anaambiwa wako ng'ambo, kwenye mtaa wao, na wakipanda basi hukaa nyuma. Anakwenda kuona wanavyoundwa, anakuta vyuma ni vilevile na nyaya ni zilezile, rangi ya ganda tu ndiyo iliyowatenga. Anawaambia wakati wao haujafika. Akiwa chomboni, safarini kurudi, anavua kofia, na katika kisanduku cha mwisho msomaji anauona uso wake kwa mara ya kwanza. Ni mtu mweusi, na matone ya jasho yanametameta kwenye ngozi yake kama nyota.

Hadithi hiyo, "Judgment Day", iliandikwa na Al Feldstein, ikachorwa na Joe Orlando, na kutoka mwaka 1953 katika toleo la 18 la Weird Fantasy, kibonzo cha kampuni ya EC ya New York. Mwaka uliofuata wachapishaji wa vibonzo wa Marekani, wakibanwa na wazazi na wanasiasa, walijiundia kanuni ya maadili na ofisi ya kuisimamia. Kitabu kisichokuwa na muhuri wa ofisi hiyo kilipata taabu kufika madukani. EC ilipotaka kuichapisha tena hadithi ile mwanzoni mwa 1956, jaji Charles Murphy, aliyekuwa mkuu wa ukaguzi, alisema mwanaanga asiwe mweusi. Feldstein akamweleza kwamba rangi ya mtu huyo ndiyo hadithi yenyewe. William Gaines, mwenye kampuni, akatishia kulitoa jambo hilo hadharani. Murphy akalegeza kamba kidogo: basi waondoe jasho. Gaines akamjibu kwa tusi na kuchapisha uso ule na jasho lake. Toleo hilo ndilo kibonzo cha mwisho cha EC. Kampuni ikabaki na jarida lake la vichekesho, Mad.

Ombi hilo la pili limenikaa moyoni miaka mingi kuliko lile la kwanza. Kumkataa mtu mweusi wazi wazi ni ubaguzi unaojulikana. Lakini kumruhusu awepo kisha kumfuta jasho? Jasho ndilo linaloonyesha kwamba mwanaanga yule amefanya kazi ngumu, amewahukumu wenzake na uamuzi wenyewe umemlemea. Nikizipitia hadithi za mashujaa weusi wa Marekani tangu hapo hadi leo, naona swali lile likirudi: akishakubaliwa kuingia kwenye ukurasa, nani ana mamlaka ya kuamua atakuwa binadamu kiasi gani?

Mashujaa wenyewe walizaliwa mikononi mwa watu waliojua kutengwa. Superman wa mwaka 1938 alibuniwa na Jerry Siegel na Joe Shuster, vijana wa Kiyahudi wa Cleveland, watoto wa wahamiaji. Captain America, aliyetokea kwenye jalada lake la kwanza akimtandika Hitler ngumi, alikuwa kazi ya Joe Simon na Jack Kirby, nao Wayahudi, kabla Marekani haijaingia vitani. Hata hivyo mtu mweusi alipotokea katika kurasa za miaka ile alikuwa kituko. Will Eisner, mmoja wa wachoraji hodari kuliko wote, alimpa shujaa wake The Spirit msaidizi mtoto aliyeitwa Ebony White, mwenye macho ya kutumbua na midomo minene kupita kiasi. Timely, kampuni iliyokuja kuwa Marvel, ilikuwa na Whitewash Jones katika Young Allies, kijana wa kuchekwa tu. Captain Marvel wa kampuni ya Fawcett alikuwa na mtumishi aitwaye Steamboat.

Huyo wa mwisho aliondolewa na watoto. Mwaka 1945 wanafunzi wa New York, wa kikundi kilichoitwa Youthbuilders, walikwenda hadi kwa mhariri wa Fawcett na picha ya Steamboat mkononi, wakamweleza kwamba wasomaji wake wote watadhani watu weusi ndivyo walivyo. Steamboat hakuonekana tena. Kwangu mimi hao ni mashujaa wasiohitaji joho.

Si kwamba mikono myeusi haikuwepo kwenye meza za kuchorea. Matt Baker, mmoja wa wachoraji waliotafutwa sana katika miaka ya 1940, alikuwa mtu mweusi. Alichora wanawake warembo na majasusi, karibu wote Wazungu, kwa sababu hiyo ndiyo kazi iliyokuwepo.

Aliyetaka kuibadili kazi yenyewe alikuwa mwandishi wa habari wa Philadelphia, Orrin C. Evans. Gazeti alilofanyia kazi, Philadelphia Record, lilifungwa mwaka 1947. Evans akakusanya wenzake na Juni mwaka huohuo akatoa All-Negro Comics, kurasa 48, kwa senti 15 wakati vibonzo vingi viliuzwa senti 10. Wachoraji na waandishi wote walikuwa weusi. Ndani mlikuwa na mpelelezi Ace Harlem, na mlikuwa na Lion Man, kazi ya George, ndugu yake Evans: mwanasayansi kijana wa Kimarekani mweusi aliyetumwa na Umoja wa Mataifa kwenda Gold Coast, Ghana ya leo, kulinda mlima wenye urani.

Hapo ndipo nasimama kila mara. Umoja wa Mataifa wenyewe ulikuwa haujatimiza miaka miwili. Miaka miwili kabla, bomu la Hiroshima lilikuwa limeundwa kwa urani ambayo kwa sehemu kubwa ilichimbwa Shinkolobwe, kule Katanga, kwa Wakongo wanaozungumza Kiswahili. Kwa hiyo ndugu wawili wa Philadelphia, wakiwa na wino na kalamu tu, waliuliza swali zito la wakati wao: madini ya Afrika yatalindwa na nani? Miaka 19 baadaye Marvel iliumba nchi ya Kiafrika yenye mlima wa madini ya ajabu, na sifa zikaenda huko.

Toleo la pili la Evans liliandaliwa. Michoro ilikuwepo. Ila wauzaji wa karatasi walikataa kumuuzia, na All-Negro Comics ikaishia toleo moja.

Black Panther alitokea Julai 1966, katika toleo la 52 la Fantastic Four, kalamu zikiwa za Stan Lee na Jack Kirby. T'Challa, mfalme wa Wakanda, anawaalika mashujaa wanne wa Kizungu nchini kwake na kuwashinda mmoja mmoja kwa mitambo wasiyoielewa. Chama cha Black Panther cha Oakland kilianzishwa miezi michache baadaye, kwa hiyo jina halikutoka huko. Jambo dogo linanigusa zaidi: Kirby alichora jalada la awali ambalo barakoa iliacha nusu ya uso wa T'Challa wazi, ngozi ikionekana. Lililochapishwa limemfunika uso wote. Hata alipopewa hadithi zake mwenyewe mwaka 1973, zilitoka katika jarida lililoitwa Jungle Action, yaani mambo ya msituni, ingawa mwandishi wake Don McGregor alijitahidi kuijaza Wakanda watu wenye fikra na ugomvi wao, na mchoraji Billy Graham, mtu mweusi, akawapa nyuso.

Miaka ya 1970 ilileta mashujaa weusi wengi kwa mkupuo. Falcon alikuwa ametangulia mwaka 1969. Mwaka 1970, katika Green Lantern, mzee mweusi alimkabili shujaa mwenye jina hilo na kumuuliza mbona amewasaidia viumbe wa rangi zote huko kwenye sayari za mbali, ila watu weusi wa mtaani pale hajawahi. Shujaa aliinamisha kichwa. Luke Cage, mfungwa aliyeonewa na kufanyiwa majaribio gerezani hadi ngozi yake ikawa haipenyeki kwa risasi, akawa mwaka 1972 shujaa mweusi wa kwanza wa Marvel kuwa na kitabu chenye jina lake tangu toleo la kwanza.

Kisha, mwaka 1975, akaja wa kwetu. Len Wein na Dave Cockrum walipoifufua X-Men, hadithi iliyoanza 1963 ikisimulia watu waliochukiwa kwa jinsi walivyozaliwa huku mashujaa wake watano wote wakiwa Wazungu, walimwongeza Ororo, aitwaye Storm, mwenye nywele nyeupe na uwezo wa kuamrisha mvua na radi. Baba yake Mmarekani mweusi, mama yake binti wa kifalme kutoka Kenya. Profesa Xavier anamkuta Kenya akiabudiwa kama mungu wa kike na watu wanaomwomba mvua.

Nampenda Ororo, na Chris Claremont, aliyeiandika X-Men kwa miaka 16 iliyofuata, alimpa hofu, hasira na uongozi ambao wanawake wengi wa vibonzo hawakuwa nao. Lakini Kenya ya ukurasa ule wa kwanza inaniuma. Mwaka huo Nairobi ilikuwa na chuo kikuu chake na magazeti yake. Kwenye kibonzo kuna nyasi na watu waliopiga magoti. Tena wenye elimu ya mvua Kenya inao. Ukoo wa Nganyi huko Bunyore, magharibi mwa nchi, umejulikana kwa kusoma dalili za miti, wadudu na upepo, na siku hizi wataalamu wa idara ya hali ya hewa hukaa nao kulinganisha utabiri. Mwandishi aliyelijua hilo angempa Ororo bibi, angempa walimu na lugha. Asiyelijua alimpa waumini.

Ndiyo maana naipa nafasi kubwa kampuni ya Milestone. Mwaka 1993 watu wanne weusi, Dwayne McDuffie, Denys Cowan, Michael Davis na Derek Dingle, walifanya mapatano na DC, wenye Superman. DC ingechapisha na kusambaza vitabu. Wahusika na hakimiliki vingebaki kwa Milestone. McDuffie alikuwa amewahi kufanya kazi Marvel, ambako mwaka 1989 aliandika waraka wa kejeli baada ya kugundua jinsi vijana weusi wa vibonzo walivyowekwa kila mara juu ya ubao wa magurudumu. Alikuwa na hoja nzito: mhusika mweusi akiwa peke yake, anabebeshwa mbari nzima, hawezi hata kukosea. Dawa ni kuwa nao wengi, wakapingana.

Wakapingana kweli. Icon alitoka sayari nyingine, chombo chake kikaanguka mwaka 1839 katika Marekani ya kusini, akachukua sura ya mtoto wa mama mtumwa aliyemwokota. Miaka zaidi ya 150 baadaye ni wakili tajiri anayeamini kila mtu ajitegemee. Anayemsuta na kumfanya shujaa ni Raquel, msichana wa mtaa wa mabanda anayetaka kuwa mwandishi, naye anapata mimba katikati ya hadithi na hadithi haimfukuzi. Static, Virgil Hawkins, amebeba jina la mtu aliyepigania kwa miaka kuingia shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Florida. Ila aliyenishika zaidi ni Hardware: mhandisi mahiri ambaye kila anachovumbua ni mali ya tajiri aliyemsomesha, na mkataba haumruhusu kuondoka. Mtu aliyewahi kuchorea kampuni kubwa mhusika asiyemmiliki angeielewa hadithi hiyo bila kufafanuliwa.

Soko la vibonzo lilianguka katikati ya miaka ya 1990, na kufikia 1997 vitabu vya Milestone vilikoma. Static aliendelea kwenye katuni za televisheni kuanzia mwaka 2000. McDuffie alifariki Februari 2011, siku moja baada ya kutimiza miaka 49.

Njia waliyoifungua ilipitiwa na wengine. Mwaka 2003 Robert Morales na Kyle Baker walisimulia katika Truth kwamba jeshi lilipotaka kuiunda upya dawa iliyompa Captain America nguvu zake, liliwajaribia askari weusi kwa lazima, na Isaiah Bradley akaishi na madhara yake huku nchi ikimsahau. Hawakuhitaji kubuni sana. Kule Tuskegee, Alabama, serikali iliwaacha mamia ya wanaume weusi na kaswende bila tiba, tangu 1932 hadi 1972, ili itazame ugonjwa unavyokwenda.

Filamu ya Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler na kuja kuingiza zaidi ya dola bilioni 1.3, ilipotoka Februari 2018, ilizinduliwa pia Kisumu, kaunti ambayo gavana wake wakati huo alikuwa baba yake Lupita Nyong'o, mmoja wa waigizaji wake. Watu walivaa vitenge na shanga kama wanaokwenda harusini. Mlima wenye madini, uliochorwa Philadelphia kwa senti 15, ulikuwa umefika ufukweni mwa Ziwa Victoria.

Na kitabu cha Evans? Kilichapishwa upya kwa kumbukumbu ya miaka 75, safari hii kikiwa na hadithi mpya za Ace Harlem, Lion Man na wenzao, zilizoandikwa na kuchorwa na watu weusi wa leo. Mwaka 2024 toleo hilo lilipata tuzo kubwa ya vibonzo vya Marekani katika fungu la vitabu vya zamani. Tuzo hiyo inaitwa Eisner, kwa jina la yule aliyemchora Ebony White.