Rubabi: kutoka duka la dawa hadi chunguni

Kabla haijawa kitindamlo, rubabi (rhubarb kwa Kiingereza) ilikuwa dawa ya kuendesha tumbo. Wachina waliichimba milimani kwa ajili ya mzizi tu, mnene, wa manjano, mchungu. Ukishakauka ulisafirishwa kwa misafara ya ngamia hadi Ulaya, na huko matajiri waliulipia fedha nyingi. Majani na vikonyo vyake hakuna aliyehangaika navyo.

Mkataba wa Kyakhta wa 1727 ulifungua soko mpakani mwa Urusi na China, na serikali ya Urusi ikaishikilia biashara ya mzizi huo mkononi kwa miaka mingi. Wakaguzi wake walitoboa mizizi kuangalia ndani, na mibovu waliichoma moto. Mwaka 1839 kamishna Lin Zexu, aliyekuwa Guangzhou akipambana na kasumba ya Waingereza, aliandika barua kwa Malkia Victoria, na humo akataja chai na rubabi kama vitu ambavyo wageni hawawezi kuvikosa. Wanahistoria wengi humcheka. Mimi simcheki, taifa lililonunua dawa ya choo kwa bei ile, muda wote ule, lilimpa sababu ya kufikiri hivyo.

Vikonyo vichachu vya rubabi vilikuwa vinangoja sukari. Inasimuliwa kwamba mwaka 1810 hivi, mkulima Joseph Myatt wa Deptford, karibu na London, aliwatuma wanawe sokoni na mafungu matano, wakarudi na mawili. Hakukata tamaa. Aina yake iitwayo Victoria, yenye jina la malkia yuleyule wa barua ya Lin, ingali inauzwa kwenye maduka ya miche, na ndiyo niliyo nayo bustanini. Lakini fundi hodari kuliko Myatt alikuwa bei ya sukari, iliyozidi kushuka hadi Bunge la Uingereza likaufuta kabisa ushuru wake mwaka 1874. Hapo hata mke wa mchimba makaa aliweza kuoka pai ya rubabi. Mimi ni mtu wa Pangani, pwani ya Tanzania, na neno sukari kwetu halitamkwi bila kukumbuka mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa. Abushiri bin Salim, aliyepigana na Wajerumani mwaka 1888, mwenyewe alikuwa mwenye shamba kama hilo. Kwa hiyo nikisoma vitabu vya mapishi vya Kiingereza vikiisifu pai ya bibi, huwa nauliza miwa ya bibi ilikatwa na nani.

Sasa naishi Wakefield, Yorkshire, na hapa ndipo rubabi ilipofanyiwa mambo ambayo sikuyaamini mpaka nikayaona. Mashina hukaa shambani miaka miwili bila kuvunwa. Yakishapigwa na jalidi ya mwanzo wa majira ya baridi, hung'olewa na kupangwa ndani ya mabanda marefu yaliyozibwa mwanga, yenye joto kidogo. Yakidanganyika kwamba majira yamegeuka, huchipua kwa kutumia akiba iliyo mizizini, na kwa kuwa hakuna jua, vikonyo hutoka laini, vyekundu-waridi, na vijani vidogo vya manjano. Wavunaji huingia na mishumaa, kuanzia Januari. Ukinyamaza utasikia vichipukizi vikipasuka, pu, pu, gizani.

Ujanja huo haukuanzia hapa. Wasimulizi huupeleka kwenye bustani ya mitishamba ya Chelsea, mwaka 1817, ambako vibarua waliochimba mtaro walifukia mashina kwa udongo bila kukusudia. Ila Yorkshire ilikuwa na kila kilichohitajika: baridi ya kuyalaza mashina, makaa ya mawe ya kupashia mabanda moto, na samadi ya ajabu. Jirani yetu Batley ndiko Benjamin Law alikoanza, mwaka 1813, kusaga matambara ya sufu na kuyafuma upya. Matambara hayo yalikusanywa mpaka nje ya nchi. Mitumba, kwa lugha ya kwetu, iliyokwenda upande wa pili. Vumbi na nyuzi fupi zisizofaa kusokotwa zilimwagwa shambani, zikaoza polepole na kulisha mashina kwa naitrojeni. Kisha reli. Kuanzia Krismasi hadi Pasaka, treni ya rubabi iliondoka usiku kwenda London, mpaka miaka ya 1960.

Vita viwili vya dunia viliiharibia rubabi jina. Katika vile vya kwanza watu walihimizwa kula majani yake kama mboga, wakati yana asidi ya oksaliki ya kutosha kudhuru. Waliokula waliugua, na wengine walikufa. Katika vile vya pili sukari iligawiwa kwa kadi, na kizazi kizima cha watoto kikalishwa uchachu mtupu. Mzee mwenye bustani inayopakana na yangu ni wa kizazi hicho. Hagusi rubabi hata uimwagie kastadi, lakini kuilima anajua, na ndiye aliyenifundisha: mwaka wa kwanza usivune, vuta kikonyo huku ukikipinda, usikate kwa kisu, maana kisiki kitaoza, shina la maua likitokea, liondoe, mwisho wa Juni acha, mmea ujilishe. Februari mimi hufunika shina moja kwa ndoo kuukuu, na mwaka unaofuata silifuniki hilo, ili lipumzike.

Dada yangu aliniomba mche apande Pangani. Nilimkatalia, bila baridi kali mmea huu haulali, na usipolala haufai kitu. Hata hivyo yeye ana mbilimbi nyuma ya nyumba, na bilimbi lina asidi ileile ya oksaliki, kwa hiyo nyumbani kwangu rubabi imeingia kwenye mchuzi wa samaki wa nazi mahali pa bilimbi. Sukari haihitajiki, tui linatosha kuupooza uchachu. Huitia mwishoni kabisa, vipande vya ukubwa wa kidole, nazi ikishachemka. Ukiitanguliza inayeyuka yote, na mchuzi unakuwa uji.