Uwongo Uliovaa Kilemba cha Ilimu



Mwenye duka akipunja mizani, hasara humfika aliyenunua siku ile. Lakini mwanachuoni akisema uwongo, uwongo wake husafiri vitabuni na kuingia nyumba asizozijua, na watu huupokea kwa kuwa umevaa kilemba cha ilimu. Kwa hiyo wazee wetu wa ilimu ya Hadithi hawakumwachia mtu aseme apendavyo.

Katika mji wa Marw alikuwako kadhi, Nuh bin Abi Maryam, aliyefariki mwaka 173 Hijria. Alipewa lakabu ya Al-Jami', yaani mkusanyaji, kwa wingi wa ilimu zake. Huyu alizua Hadithi juu ya fadhila za sura za Qur'ani, moja baada ya moja. Alipoulizwa amezipata wapi, alijibu kwamba aliona watu wameshughulika na fiqhi na habari za vita, wameiacha Qur'ani, akataka kuwarudisha. Yeye aliiona nia yake njema, wanachuoni hawakuikubali. Ibn Hibban alisema juu yake kuwa alikusanya kila kitu ila ukweli.

Dawa ya uwongo huo ilikuwa isnadi. Kila mpokezi aliulizwa: Umesikia kwa nani? Mlikutana wapi? Hifadhi yako ikoje? Wala hapakuwa na upendeleo wa ujamaa. Ali bin Al-Madini, mwalimu wa Bukhari, alipoulizwa habari za baba yake mzazi, alisema kuwa ni dhaifu katika upokezi, kwani jambo lenyewe ni dini.

Wataalamu wa tiba nao wana isnadi yao. Atakaye kuchapisha uchunguzi katika majarida yao hutakiwa aeleze aliwapima wagonjwa gani, kwa njia gani, na fedha zimetoka wapi. Wataalamu wenzake huisoma makala kabla haijachapishwa. Lakini hao huyaamini maelezo walioletewa. Hawaingii hospitalini kuyahakikisha. Hapo ndipo mwongo hupenya.

Februari 1998 jarida la The Lancet la London lilichapisha makala ya Andrew Wakefield na wenzake 12. Ilihusu watoto 12 tu, nayo iliwatia watu shaka kwamba chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela huenda ikaleta usonji, ile hali ya mtoto kupata taabu ya kusema na kuchanganyika na watu. Wazazi wengi wakaogopa, wakaacha kuwachanja watoto wao. Mwaka 2004 mwandishi wa gazeti, Brian Deer, alifichua kuwa Wakefield alikuwa amepokea fedha kwa njia ya wakili aliyekuwa akitayarisha kesi dhidi ya watengenezaji wa chanjo, naye hakulitaja hilo. Baadaye ikadhihirika kuwa habari za watoto wale katika makala hazikuafikiana na hati zao za matibabu. Mwenyewe alikana kudanganya, lakini mwaka 2010 jarida liliifuta makala, na yeye akaondolewa katika daftari la madaktari wa Uingereza.

Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: miaka 12 ilipita kabla ya makala kufutwa. Mwaka 2012 na 2013 surua ilienea Swansea, katika nchi ya Wales, ikaripotiwa kuwapata watu zaidi ya 1,000, wengi wao waliokosa chanjo katika miaka ile ya hofu. Mtu mmoja akafa. Huko Denmark wakachunguza watoto 657,461, na mwaka 2019 wakatangaza kuwa chanjo hiyo haiongezi usonji. Habari za watoto 12 zikajibiwa kwa watoto zaidi ya laki sita, na hata leo wako wanaoziamini.

Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa kuichunguza habari aletayo fasiki kabla ya kuifuata. Basi ukiletewa habari ya dawa au ya chanjo ya mwanao, uliza isnadi yake: Nani kasema? Kaona nini? Nani kamlipa? Na wengine waliochunguza wamepata hayo hayo? Nawe mwanafunzi wa maabara, usiandike nambari usiyoipima, hata kama waijua itakayomfurahisha mwalimu. Na aliyeeneza habari ikabainika kuwa uwongo, asinyamaze. Na arudi nyumba zile zile alizoipeleka, akaitangue.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa pamoja na wakweli. Amin.