Uyoga na Jina Lake

Kitu kikitokea ghafula na kwa wingi, watu husema kimeota kama uyoga. Usemi huu wapendeza masikioni, lakini, ndugu msomaji, hausemi kweli yote. Uyoga unaouona asubuhi baada ya mvua ya usiku haukuanza usiku ule. Nyuzi zake, ambazo ni nyembamba mno, zilikwisha kutandaa udongoni muda mrefu kabla yake, zikingoja maji. Kile tukiitacho uyoga ni mfano wa tunda tu. Mwili wake mwingine umefichika chini. Maarifa ya binadamu juu ya uyoga nayo hayakuota kwa usiku mmoja. Yana historia ndefu, na katika historia hiyo mna makosa yawezayo kumdhuru mtu hata leo. Natutazame habari za uyoga wa namna mbili, ambao mtu asiye makini aweza kuudhani kuwa ni mmoja.

Mji wa Kale wa Mombasa hauna msitu. Nyumba zake zimesongamana, na vichochoro vyake ni vyembamba. Lakini ukitoka humo ukapita Ngome ya Yesu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, hutakwenda mbali kabla ya kufika bustani ya Treasury Square. Ukiendelea upande wa kusini utafika Mama Ngina, penye mibuyu mikubwa ielekeayo bahari. Penye majani na miti kama hapo, wakati wa masika, ndipo pafaapo kwenda na jicho la kutafuta uyoga.

Uyoga wa kwanza katika habari zetu ni ule wa mchwa, uotao katika vichuguu au karibu navyo. Katika nchi nyingi za Afrika watu wameula tangu zamani, na wengi huufananisha na nyama kwa utamu wake. Asili yake ni ya ajabu. Mchwa hubeba majani makavu na vipande vya miti, lakini chakula hicho ni kigumu kwao. Kwa hiyo hujenga masega ndani ya kichuguu, na juu ya masega hayo hukuza ukungu mweupe. Ukungu hulainisha mimea ile, na mchwa hula. Basi mchwa ni wakulima, tena wakulima wa kale kuliko sisi. Mwaka 2016 wataalamu walitangaza kwamba wamepata, katika bonde la Rukwa nchini Tanzania, bustani za mchwa zilizogeuka mawe, zenye umri wa miaka milioni 25 hivi.

Wataalamu wa Ulaya walichelewa kuyafahamu mambo haya. Mwaka 1779 Johann Gerhard König aliandika juu ya ukungu aliouona katika vichuguu vya Bara Hindi. Mwaka 1781 Mwingereza Henry Smeathman, aliyekuwa amekaa Sierra Leone, alieleza habari za mchwa wa Afrika mbele ya wasomi wa London. Hata hivyo ilipita miaka mingi kabla ya uyoga huu kupewa jina la jamaa yake mwenyewe. Mfaransa Roger Heim ndiye aliyeuita Termitomyces, mwaka 1942, na maana ya jina hilo ni uyoga wa mchwa. Tazama, msomaji: mtaalamu alifika kwa safari ndefu mahali ambapo mwanamke wa kijijini, mwenye kikapu chake kando ya kichuguu, alikuwa amekwisha kufika.

Uyoga wa pili huota majanini, penye bustani na viwanja, na mara nyingine hujipanga kwa duara. Huonekana katika nchi nyingi za joto, na Afrika ya Mashariki ni miongoni mwake. Kofia yake ni nyeupe, kubwa kama sahani, yenye magamba ya rangi ya udongo katikati. Shina lake lina pete. Kwa sura unavutia, lakini una sumu. Aulaye aweza kushikwa na maumivu ya tumbo, kutapika na kuhara baada ya saa chache, na watoto huumia zaidi.

Mjerumani G. F. W. Meyer aliuandika kwanza mwaka 1818, kutokana na mimea ya Essequibo katika Amerika ya Kusini. Leo jina lake la kitaalamu ni Chlorophyllum molybdites. Lakini mwaka 1898 George Massee, bingwa wa uyoga katika bustani ya Kew nchini Uingereza, aliuandika kama uyoga mpya. Akaupa jina la esculentum, neno la Kilatini lenye maana ya kitu kinacholiwa! Hivyo uyoga wenye sumu ulivikwa na msomi mkubwa jina la chakula. Wataalamu waliokuja nyuma walitambua kwamba uyoga wa Massee na ule wa Meyer ni mmoja, na jina la zamani likashika.

Je, mtu awezaje kuukosea? Geuza kofia utazame chini yake. Utaona vipande vyembamba vilivyopangwa kama kurasa za kitabu. Uyoga huu ukiwa mchanga kurasa zake ni nyeupe, na huwezi kushuku neno. Zikikomaa ndipo hugeuka rangi ya kijani iliyofifia. Mombasa ni mji wa wageni tangu enzi za majahazi, na mgeni huja na maarifa ya kwao. Aliyezoea kuokota uyoga mweupe wa kijijini kwao aweza kuuona huu bustanini akadhani amekutana na rafiki wa zamani. Maarifa yake si mabaya, ila hapa hayamtoshi.

Wewe, mwanafunzi, waweza kufanya jaribio dogo. Chukua uyoga uliokomaa, ukate shina, ulaze kofia juu ya karatasi nyeupe, kurasa zikielekea chini. Ufunike kwa bakuli mpaka asubuhi, kisha unawe mikono. Utakuta unga mwembamba umeandika mistari juu ya karatasi. Unga huo ndio mbegu za uyoga. Uyoga wa mchwa huacha unga wa rangi ya waridi iliyofifia; ule wa majanini huacha unga wa kijani. Chunguza na shina pia: shina la uyoga wa mchwa mara nyingi hushuka ardhini kama mzizi mrefu hadi kwenye masega, lakini mwenzake hana mzizi wa namna hiyo.

Lakini angalia sana. Jaribio hili latutambulisha uyoga. Halitupi ruhusa ya kuula. Uko uyoga utoao unga mweupe ambao huua. Wala usiwaamini wasemao kwamba uyoga ulioliwa na wadudu ni salama, au kwamba kijiko cha fedha hugeuka rangi penye sumu. Usioujua kwa yakini, usiule wala usimpe mtu.

Kazi ya kuutambua uyoga wa nchi zetu haijakwisha. Mwaka 1977 David Pegler wa Kew alitoa kitabu cha uyoga wa Afrika ya Mashariki, naye mwenyewe alikiita cha mwanzo tu. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Ufini, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Tanzania, walitoa kitabu cha uyoga wa Tanzania, na ndani yake wakatia maarifa waliyopewa na wanavijiji. Hao walifanya jambo la busara: walitazama kwa darubini, na pia waliuliza wenyeji. Nawe ufanye vivyo hivyo. Masika yajayo chukua daftari, andika tarehe, mahali, mti uliokuwa karibu, umbo la shina na rangi ya unga. Kisha umuulize mzee uyoga huo waitwaje, na amejuaje. Jina uliandike mwisho, baada ya kutazama yote hayo.