Mwanamke na Uwindaji: Fundisho la Kisa cha Milansi

Wazee wa Ufipa husimulia kwamba hapo kale Mwene wa Milansi alikwenda kuwinda. Kabla ya kuondoka alimwonya mkewe asimkalishe mgeni yeyote juu ya kigoda cha enzi. Mwene angali porini, wakatokea wanawake watatu wageni, na mke akawapa kigoda. Aliporudi alikuta nchi imekwisha kuwa mikononi mwao, naye akabakiwa na kijiji cha Milansi tu. Wanawake hao ndio asili ya ukoo wa Watwachi, uliotawala Nkansi na Lyangalile.

Masimulizi ya namna hii hayawezi kuchukuliwa kuwa kumbukumbu kamili ya mambo yaliyotokea. Hata hivyo, yanatuonyesha jinsi wahenga walivyogawa kazi: pori la mume, nyumba ya mke. Mgawanyo huo ulionekana pia katika ufuaji wa chuma. Kuyeyusha chuma katika tanuri ndefu za Ufipa, ziitwazo malungu, kulikuwa kazi ya wanaume iliyozungukwa na miiko mingi. Jembe lililotokana na chuma hicho mwanamke alilishika; mkuki ulikuwa silaha ya mume.

Lakini je, mwindaji ni yule arushaye mkuki peke yake? Miongoni mwa Wambuti wa msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, wanaume hutega nyavu nao wanawake huwafukuza wanyama kuelekea nyavuni. Bila wao windo halipatikani. Kwetu Tanzania, karibu na ziwa Eyasi, wanaume wa Kihadzabe huwinda kwa upinde, na wanawake wachimbapo mizizi hukamata pia kobe. Tena, mwaka 2018 huko Wilamaya Patjxa, nchini Peru, wachimbuzi walifukua kaburi la msichana aliyeishi miaka 9,000 hivi iliyopita, amezikwa pamoja na zana za kuwindia. Kwa hiyo haifai kusema kwamba maumbile ndiyo yaliyomtenga mwanamke na uwindaji. Mara nyingi ni desturi tu.

Siku hizi vikwazo vimebadilika sura. Serikali ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1973. Ikafuata Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 1974, na baadaye ile ya mwaka 2009. Anayetaka kuwinda hana budi kuwa na leseni, na silaha nayo ina gharama. Asiye na mali yake mwenyewe, kama walivyo wanawake wengi wa vijijini, hubaki nje. Lakini elimu ya pori imefungua njia nyingine. Chuo cha Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963, hufundisha uhifadhi wa wanyamapori, na wanawake wamekwisha kuingia katika kazi ya uaskari wa wanyamapori. Hifadhi ya Katavi, iliyo jirani na Ufipa, ilianzishwa mwaka 1974. Binti wa Mazwi hana haja ya kwenda mbali kuiona kazi hiyo.

Turudi Milansi. Mke wa Mwene hulaumiwa kwa kuipoteza nchi, ilhali aliachiwa ulinzi wake bila kupewa mamlaka. Yafaa walimu na wanafunzi wawaulize bibi zao, si babu tu, habari za pori. Nusu ya historia ya uwindaji imo vinywani mwao, na wakifa bila kuulizwa itazikwa pamoja nao.