Pugu: Jengo Lililofanywa Kuwa la Wote

Kila mwaka, orodha za waliochaguliwa kuingia kidato cha tano zinapotangazwa, wazazi wa Dongobesh, Haydom, Katesh na Basotu huanza kutafuta nauli ya kuwapeleka vijana wao katika mikoa wasiyoijua. Miongoni mwa shule zinazopokea vijana kutoka pembe zote za nchi ni Pugu, sekondari ya serikali ya wavulana iliyoko vilimani, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Kijana wa Mbulu kulala bweni moja na kijana wa Newala ni jambo tulilolizoea hata tukadhani limekuwapo siku zote. Sivyo. Ni tunda la uamuzi wa kisiasa, na majengo ya Pugu ni ushahidi wake.

Wamisionari wa Kibenediktini kutoka Ujerumani walifika Pugu mwaka 1888. Januari 1889, katika vita vya Abushiri dhidi ya kampuni ya Kijerumani, misheni yao ilishambuliwa na kuharibiwa. Baadhi yao waliuawa, wengine wakatekwa. Majengo ya shule tunayoyaona leo si hayo. Yalijengwa baadaye, chini ya utawala wa Mwingereza, kwa ajili ya Chuo cha Mtakatifu Fransisko, sekondari ya Kanisa Katoliki.

Hapo ndipo Julius Nyerere alipoajiriwa kufundisha historia baada ya kurejea kutoka Edinburgh mwishoni mwa mwaka 1952. Akiwa mwalimu Pugu alichaguliwa kuwa rais wa TAA mwaka 1953, na Julai 1954 akaongoza kuanzishwa kwa TANU. Machi 1955, baada ya kuhutubia Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa mjini New York, aliacha kazi ya ualimu ili ajitoe kikamilifu katika siasa.

Habari hiyo ndiyo inayosimuliwa daima, na inastahili. Hata hivyo, kwangu mimi ninayefundisha historia, mwaka mzito zaidi katika maisha ya jengo hilo ni 1969. Mwaka huo Bunge lilipitisha Sheria ya Elimu iliyoiwezesha serikali kuzitwaa shule za mashirika ya dini. Kabla ya hapo, nafasi ya sekondari ilitegemea sana kama mtoto alizaliwa karibu na misheni, na misheni ya dhehebu gani. Mtoto wa mfugaji wa Kibarbaig katika tambarare za Hanang, ambaye wazazi wake hawakuwa Wakristo wala Waislamu, alikuwa mbali na mlango huo kuliko wengi. Sheria haikumfungulia siku hiyo hiyo, lakini iliondoa swali la dini mlangoni.

Nalisema hili kwa sababu sasa jengo linakabiliwa na aina mbili za usahaulifu. Ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Yale ya baadaye husubiri tangazo la waziri. Kwa kipimo hicho, karibu kila darasa lililolea kizazi cha uhuru nchini limo nje ya ulinzi huo mpaka mtu mwenye mamlaka achukue kalamu.

Ya pili ni ya kijamii. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ulioanza mwaka 2004, ulitupatia shule za kata. Faida yake ni kubwa: binti wa Daudi au Bashnet anasoma bila kuhama kwao. Gharama yake hatuitaji mara nyingi: vijana wengi humaliza kidato cha nne bila kuishi na Mtanzania wa lugha au dini tofauti na yao. Kwa hao, bweni la kidato cha tano ndiyo mara ya kwanza, na kwa wengine ya mwisho.

Kwa hiyo, ndugu zangu watumishi wa umma, tukiamua kuihifadhi Pugu tusiishie kwenye kibao chenye jina la Mwalimu. Tutengeneze paa, tukarabati mabweni, na orodha ya wanaoingia humo iendelee kuwa ya nchi nzima. Kuta zikibaki imara huku waliomo wakiwa wa upande mmoja tu, tutakuwa tumelirudisha jengo nyuma ya mwaka 1969.