Chama cha Historia Asilia cha Afrika Mashariki: Historia Fupi

Chama cha Historia Asilia kilizaliwa Nairobi mwaka 1909, mji ukiwa bado mabati na matope kando ya reli. Waasisi wake, maofisa wa serikali, wamisionari na walowezi wachache, waliunganishwa na mapenzi ya ndege, wadudu na mimea. Rais wa kwanza, na kipenzi cha wote, alikuwa Naibu Gavana Frederick Jackson.

Jackson alifika pwani mwaka 1884 kuwinda, akaanzia Lamu, na tangu hapo hakuacha kukusanya ndege. Kila ndege alichunwa kwa uangalifu, ngozi ikajazwa pamba, na mguuni kikafungwa kikaratasi chenye mahali na tarehe. Kazi hiyo isingewezekana bila wasaidizi Waafrika waliotambua ndege kwa mlio tu. Majina yao ni nadra kuonekana kwenye vikaratasi hivyo, na chama kina deni kwao hadi leo.

Nishani hazikumpita Jackson. Mwaka 1897 alipigwa risasi katika maasi ya askari wa Kisudani huko Uganda. Mwaka uliofuata akatunukiwa Nishani ya Bath. Baadaye aliingizwa katika Nishani ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu George, iliyoanzishwa mwaka 1818 kwa ajili ya Malta na visiwa vya Ionia, kisha ikapanuliwa kuwafikia watumishi wa makoloni. Ina daraja tatu. Mwaka 1913, akiwa Gavana wa Uganda, alipandishwa daraja la pili akawa Sir Frederick. Zote zilikuwa za utumishi wa serikali. Kwa kazi yake ya porini wanasayansi walimpa heshima nyingine, iliyo bora zaidi: kinyonga wa pembe tatu anaitwa kwa jina lake tangu 1896. Alifariki mwaka 1929, na kitabu chake kikubwa cha ndege wa Kenya na Uganda kikakamilishwa na W. L. Sclater, kikatoka mwaka 1938 kwa majuzuu matatu.

Jarida la chama lilianza mwaka 1910. Arthur Loveridge alikuja kutunza makumbusho ya chama mwaka 1914; vita vikaichelewesha kazi. Jengo jipya la makumbusho, lililoitwa Coryndon, lilifunguliwa mwaka 1930, na baada ya uhuru likawa Makumbusho ya Taifa. Yaliyofuata ni mengi: jarida la ndege Scopus, 1977, mradi wa Kipepeo, Gede, 1993, jina jipya, Nature Kenya, na matembezi ya kutazama ndege kila Jumatano asubuhi.